Somo Anajibu: "Mjomba anasema chuo cha Masasi si chuo"

Somo, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 20, naandika kutoka Kitangari, Newala. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Sikufikisha alama za kwenda shahada moja kwa moja, kwa hiyo niliomba stashahada ya uhasibu, ya miaka miwili, na nimechaguliwa. Chuo chenyewe kina makao yake Dar es Salaam na tawi dogo Masasi. Nimepangiwa Masasi. Nilipopiga simu nikaambiwa kama nataka Dar nafasi bado ipo, ila niamue ndani ya wiki mbili.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mjomba wangu anaishi Mbagala, na kwetu unajua mjomba ndiye msemaji. Amesema niende Dar nikakae kwake. Kwa maneno yake, Masasi hakuna chuo, kuna madarasa. Anasema mwajiri akisikia nimesoma tawini atanirudishia bahasha yangu, na kwamba msichana akisoma karibu na kijijini kwao anarudi na mimba. Hilo la mwisho alimwambia mama kwenye simu na mimi nipo pale pale nasikia.

Mama yeye anataka Masasi, lakini hawezi kumpinga kaka yake. Ada atalipa mama mwenyewe kwa korosho zake. Baba alishafariki. Mama ana presha, na nina wadogo wawili wako msingi. Ananiambia, "Usiniangalie mimi, angalia maisha yako."

Nilikwenda Masasi kuliona hilo tawi. Somo, nisikufiche, roho ilishuka. Majengo mawili, maktaba ni chumba kimoja, na chini ya mwembe kuna benchi ambako wanafunzi wanakaa kusubiri kipindi. Nilimkuta dada mmoja wa mwaka wa pili, akaniambia darasa lao wako 23. Nilizoea kwamba chuo ni ghorofa na watu wengi. Lakini huyo dada alinitembeza kila mahali, akanipeleka hadi kwa mhasibu, na mhasibu akaniuliza natoka Kitangari ipi, ya sokoni au ya upande wa pili. Chumba cha kupanga pale nimeambiwa elfu thelathini kwa mwezi.

Kwa Mjomba nitakaa bure. Niliwahi kukaa kule miezi mitatu baada ya kidato cha nne. Wako sita kwenye vyumba viwili, mimi nililala sebuleni na binamu zangu. Mke wa mjomba ana genge, kwa hiyo tulikuwa tunaamka saa kumi alfajiri kwenda naye kuchukua bidhaa, halafu jioni nakaa gengeni mpaka saa nne. Ni watu wazuri, walinipenda, sina la kulalamika.

Rafiki zangu wawili wamepata Dar. Kwenye kundi letu la WhatsApp wananiuliza kama chuo chetu kina umeme.

Somo, nifanye nini? Nikienda Masasi nitakuwa nimejidharau? Na nitamwambiaje Mjomba?

Binti wa Njia Panda, Kitangari

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuchaguliwa. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mtu aliyekupa hongera, sikumwona. Basi ipokee kwangu kwanza.

Nitakuambia ninachokiamini tangu mwanzo ili usisome kwa wasiwasi: nenda Masasi. Lakini usiende kwa sababu ni karibu na mama, wala kwa sababu chumba ni elfu thelathini. Nenda kwa sababu ya lile swali la mhasibu, kwamba Kitangari yako ni ipi. Wewe umeliandika kama jambo la kupita tu. Mimi niliyesoma Dar kisha nikafundisha miaka kumi na moja kwenye tawi dogo la chuo huku kwetu kusini, nakuambia hilo swali lina thamani kuliko ghorofa.

Nianze na Dar yangu. Niliingia chuo mwaka 1996. Darasa la mwaka wa kwanza tulikuwa mamia, ukichelewa unasikiliza kipindi ukiwa umesimama nje dirishani, daftari umeliweka juu ya mgongo wa mwenzako. Muhula wa pili nikaugua malaria, nikalala siku kumi na mbili. Niliporudi darasani hakuna aliyejua kwamba nilikuwa sipo. Mwalimu hakujua, na jirani yangu wa benchi alidhani nimehamia upande wa pili wa ukumbi. Nilifanya jaribio nikiwa na mapengo ya wiki mbili, nikafeli, nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio. Sikumlaumu mtu na simlaumu leo. Mwalimu mmoja mwenye wanafunzi mamia hawezi kujua nani anatetemeka kwa homa bwenini.

Sasa nikuonyeshe upande wa pili. Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha nilikuwa na darasa la watu kumi na tisa. Kijana mmoja wa kutoka Liwale alikuwa anakaa karibu na mlango, mpole, hasemi. Jumatatu moja kiti chake kitupu. Jumanne kitupu. Darasa la kumi na tisa kiti kimoja kikiwa kitupu unakiona kama jino lililong'oka. Nikamuuliza kiongozi wa darasa, naye akasema jamaa yuko geto anafunga begi, ada ya muhula imegoma, korosho za kwao hazijalipwa. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu, si mbali, na mhasibu wa chuo tulikwenda naye. Tukamkuta amekaa juu ya ndoo, begi liko mlangoni. Mhasibu alimuuliza mambo mawili tu: korosho ziko chama gani, na zimeingia mnada wa ngapi. Maana yeye mwenyewe alikuwa mkulima wa korosho. Akajua hela ile itatoka baada ya wiki tatu hivi, wakaandikiana, kijana akafanya mtihani. Alimaliza, na leo ni mhasibu wa halmashauri moja.

Fikiria kalenda ya mama yako, mwanangu. Chuo kinafungua Oktoba au Novemba. Minada ya korosho nayo inaanza Oktoba, na mkulima halipwi siku anapopeleka mzigo. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza huku kwetu mwaka 2007, korosho zinapimwa chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima wa kijijini, zinakwenda ghala kuu, zinasubiri mnada, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, ndipo hela inaingia akaunti ya mama. Kwa hiyo ada yako itachelewa, na itachelewa kila mwaka. Dar pia wanaruhusu kulipa kwa awamu, sikatai. Lakini kule utajaza fomu na kumweleza mtu ambaye hajawahi kuona mkorosho. Masasi utamweleza mtu anayejua mnada wa juzi bei ilikuwa ngapi.

Hiyo ni ada. Kubwa zaidi ni masomo yenyewe. Umesema hukufikisha alama za shahada. Basi hii stashahada ndiyo mlango wako wa pili, na mlango huo una kipimo: TCU, tume ya vyuo vikuu, inataka mwenye stashahada awe na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 ndipo aombe shahada. Usiangalie Masasi na Dar kwa urefu wa majengo. Jiulize ni wapi utapata hiyo 3.0 na kuipita. Uhasibu ni somo la mkono, mtu haelewi kwa kusikiliza. Unaandika debiti na krediti, hesabu haifungi, unatafuta kosa. Sasa kwenye darasa la watu 23 mwalimu anapita nyuma yako, anaona ulipoandika 5,400 badala ya 4,500, anaweka kidole pale, na siku hiyo unajifunza kitu ambacho hutakisahau mpaka unazeeka. Kwenye ukumbi wa mamia karatasi yako inarudi baada ya mwezi ina alama tu, kosa lako huoneshwi. Nimekaa pande zote mbili za huo ubao, najua ninachosema.

Na kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisema juu ya vyuo vidogo: huwezi kujificha. Huwezi kuishi kwa madesa ya wenzako, kwa sababu ukiulizwa swali ni wewe unaulizwa, kwa jina. Ukinyamaza wiki nzima mwalimu anakuita. Kama ulikuwa na ndoto ya kwenda chuo upumzike na macho ya watu, Masasi patakubana. Na mambo yako yatajulikana. Ukionekana sokoni na mtu, kesho wameshajua hata mama lishe wa geti la chuo. Wapo wanafunzi wangu waliolia kwa hilo, na walikuwa na haki ya kulia. Sikufichi, hiyo ndiyo bei yake. Mimi nakushauri uilipe, kwa sababu jicho lile lile linalokuchungulia ndilo litakaloona kiti chako kitupu.

Sasa tuje kwa Mjomba, nyumbani kwake kabla ya maneno yake. Nimeipitia aya yako ya genge pole pole. Umemaliza kwa kusema huna la kulalamika, na nakuamini, kwa sababu umelelewa vizuri. Lakini tufanye hesabu pamoja, si unakwenda kusomea uhasibu? Saa kumi alfajiri umeamka. Umerudi na mzigo, umeoga, umeingia barabara ya Kilwa na foleni yake kwenda chuo. Umesoma hadi alasiri, foleni tena kurudi. Umefika, mke wa mjomba amechoka, kuna heshima, huwezi kumpita gengeni ukaenda kufungua daftari. Saa nne usiku umeingia ndani, sebule ina binamu na televisheni. Niambie ni saa ngapi utakaa na hesabu isiyofunga. Hakuna mtu mbaya kwenye hadithi hii. Mke wa mjomba anatafuta riziki, na mgeni mzima wa mwili lazima ashike kazi, hata mimi ningekupa ufagio. Lakini kwa mwanafunzi chumba cha bure namna hiyo ni ghali. Chumba cha elfu thelathini chenye meza na taa, na mlango unaofungwa kwa ndani, ndicho rahisi.

Halafu iko njia yenyewe. Wazee wako wanakumbuka enzi ya pantoni ya Ndundu, ya kuvukia mto Rufiji. Mwaka 1998, mvua zile za El Niño, nilipigiwa simu baba yangu amezidiwa. Tulikwama kwenye tope kabla ya kufika Rufiji siku nne, tunalala ndani ya basi, tunanunua mihogo kwa wanakijiji. Nilifika Lindi wameshamzika. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 nililia peke yangu nikipita juu yake. Siku hizi ni mwendo wa siku moja, namshukuru Mungu, ingawa hata Mei 2024 mvua zilikata barabara pale Somanga na watu wakakwama tena. Mama yako ana presha. Sikuambii uende Masasi ukamuuguze, kwa sababu kutoka Masasi huwezi kumuuguza, na yeye mwenyewe amekuambia usimwangalie. Nataka tu ujue kwamba akizidiwa utapanda Noah asubuhi na mchana uko naye. Baada ya hapo usilifikirie tena, fanya uamuzi wako kwa mambo ya shule.

Mjomba anasema mwajiri atarudisha bahasha. Hapa ana hoja inayostahili jibu la kweli. Cheti kinatolewa na chuo, na kwa tawi lililosajiliwa vizuri ni cheti kile kile. Nilipokuwa nafundisha, mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa mmoja kwa matawi yote, bahasha inafunguliwa siku moja, saa moja, Dar na kwetu. Lakini usinichukulie mimi neno. Kabla ya kuthibitisha, fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati kama chako, utafute chuo chako kwa jina la tawi la Masasi, si kwa jina la makao makuu tu, na uhakikishe kozi ya uhasibu iko pale chini yake. Kama haimo, achana na Masasi na ushauri wangu wote, nenda Dar.

Ikiwa imo, piga simu kwa yule dada wa mwaka wa pili, naamini ulichukua namba yake. Muulize walimu wa uhasibu wanaishi Masasi au wanakuja kutoka Dar kwa wiki mbili wanafundisha kwa haraka na kuondoka. Hilo ndilo gonjwa la matawi madogo. Mimi mwenyewe nilipofika nilikuta somo la kodi halijafundishwa muhula mzima, likafundishwa kwa siku nne mfululizo, asubuhi hadi usiku, na wanafunzi wakafeli kama kumbi kumbi. Muulize intaneti ikoje, na vitabu vya ile maktaba ya chumba kimoja ni vya mwaka gani, kwa sababu sheria za kodi hubadilika kila bajeti na kitabu cha zamani kitakupotosha. Akikujibu kwamba walimu wawili au watatu wa somo lenu wanakaa pale pale mjini, mengine utayamudu.

Kuna jingine ambalo ni lazima niliseme, maana wewe ni binti na mahali ni padogo. Mwalimu akiwa mmoja wa somo, mamlaka yake juu yako ni makubwa. Wengi wao ni watu wa heshima, nimefanya nao kazi. Lakini akitokea mmoja anayetaka alama zako zipitie chumbani kwake, Dar ungeweza kumkwepa kwa kubadili kundi, Masasi huna pa kukwepea. Jua mapema: hiyo inaitwa rushwa ya ngono, ni kosa la jinai, limo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113 na ni bure. Siku ya kuripoti chuoni uliza dawati la jinsia liko wapi na anayelishika ni nani, uliza mbele za watu, kwa sauti ya kawaida. Msichana anayeuliza swali hilo siku ya kwanza huwa anaogopwa, na ni vizuri aogopwe.

Na lile neno la mimba. Pole mwanangu. Nimewaona mabinti waliopata mimba Dar kwenye vyuo vikubwa kabisa, na waliomaliza salama wakiwa kijijini kwao. Umbali na nyumbani si kinga. Usilijibu, wala usilibebe.

Nimebakiza jambo ninalolipenda kuliko yote, ambalo hukuniuliza. Stashahada ina mafunzo kwa vitendo, wenyewe mnaita fildi. Dar mtakwenda maelfu kugombania ofisi zile zile, na wengi wataishia kutumwa kutoa kopi na kununua chai. Masasi umezungukwa na kazi ya uhasibu iliyo hai. Kila kijiji cha korosho kina chama cha msingi, na kila chama kina daftari. Kuna maghala, vyama vikuu, halmashauri, benki. Na wasomi wa kwenda huko ni wachache.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kike aliyefanya fildi kwenye chama cha msingi msimu wa korosho umechanganya. Nilikwenda kumkagua. Nilimkuta nje ya ghala, amekaa kwenye gunia, mbele yake mzee mmoja ameshika karatasi ya malipo iliyolowa jasho. Mzee alikuwa na kilo zake kichwani na bei ya mnada kichwani, akipiga hesabu anapata hela moja, karatasi inasema nyingine, ndogo zaidi. Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba ameibiwa. Yule binti hakumwambia "ndivyo ilivyo." Alichukua kalamu akaanza naye mstari kwa mstari, kwa Kimakonde: "Hii babu ni ya magunia. Hii ni usafiri kwenda ghala kuu. Hii ushuru wa halmashauri. Hii ya chama chenyewe." Kila mstari mzee anatikisa kichwa. Walipofika katikati binti akanyamaza, akairudia ile karatasi, akaingia ndani kuchukua daftari. Tozo moja ilikuwa imekatwa mara mbili. Si kwa mzee yule peke yake, ukurasa mzima. Karani alikuwa amekosea kunakili, na alipooneshwa alishika kichwa. Wakulima thelathini na kitu wakarudishiwa haki yao, na binti alikuwa bado hajamaliza mwaka wa kwanza. Nilimpa alama za juu kuliko nilizowahi kumpa mtu. Alipomaliza, wale wakulima wenyewe walikwenda kwa viongozi wao kusema wanamtaka yule wa kalamu.

Wewe ni mtoto wa korosho. Umekua unaona mama anasoma karatasi kama ile kwa shida. Hiyo elimu unayo tayari, na mtoto wa mjini atahitaji miaka kuipata. Kwa nini uende nayo mahali ambapo hakuna wa kuiona?

Rafiki zako wa kwenye kundi waambie umeme upo, kisha waulize na wao wanaendeleaje. Wanakwenda ugenini na wanaogopa kama wewe.

Usimbishie Mjomba kwenye simu, na usimwandikie. Kwetu mpwa habishani na mjomba wake, na hata ukishinda utakuwa umempokonya heshima, naye siku ya shida yako ndiye atakayesimama. Mtafute mkubwa wake. Kama bibi mzaa mama yu hai, yeye. Kama hayupo, mjomba mkubwa zaidi, au mama mdogo ambaye Mjomba humsikiliza. Mama yako na mkubwa huyo wampigie pamoja, jioni, baada ya chakula, wakati genge limetulia. Wasianze na Masasi. Waanze na shukrani kwa kuwa tayari kukupokea, kwa sababu ni kweli alikuwa tayari, na nyumba yake ni ndogo. Kisha wampe kazi. Mjomba anayependa sauti yake isikike mpe jambo la kubeba: wamwombe akutafutie kompyuta mpakato ya mtumba kule Kariakoo, ambako yeye anajua maduka na wewe hujui. Hiyo itakusaidia miaka miwili kuliko sebule yake. Na wamwombe, akija msimu huu kuangalia mikorosho yake kama wafanyavyo watu wa Mbagala kila mwaka, apitie Masasi akaone chuo kwa macho yake. Mpeleke kwa yule mhasibu. Nadhani ataulizwa Kitangari ipi.

Akisema tena kwamba majengo mawili si chuo, mkubwa wake amkumbushe kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hicho anachokionea fahari, kilianza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi hawakufika ishirini. Darasa lako la Masasi ni kubwa kuliko hilo.

Akikataa kabisa baada ya yote hayo, mama yako ndiye anayelipa ada. Mwambie mama kwa upole kwamba wiki mbili zikiisha nafasi inapotea, na umsaidie kujaza uthibitisho wa Masasi kabla hazijaisha. Hasira ya mjomba hupoa msimu ukifika.

Niandikie baada ya jaribio la kwanza. Nataka kujua umepata ngapi, na mwalimu aliweka kidole wapi.

Somo